Anayeisikiliza Simu Yako Hatoi Mlio

Ujumbe ule hauishi kuzunguka kwenye makundi ya ukoo na ya wazazi wa shule: bonyeza *#21# uone kama simu yako inasikilizwa, kisha bonyeza ##002# uwafukuze wanaokufuatilia, halafu watumie na wengine. Watu wazima wenye elimu zao huusambaza kwa nia njema kabisa. Ukikufikia tena, ufute.

Namba hizo zipo kweli, ila kazi yake ni nyingine. *#21# inauliza mtandao wako kama simu zote unazopigiwa zimeelekezwa kwenye namba nyingine. *#62# inauliza zinakwenda wapi pale ambapo simu yako haipatikani, na mara nyingi namba ngeni utakayoiona hapo ni ya mtambo wa kampuni wa ujumbe wa sauti. ##002# inafuta maelekezo yote ya namna hiyo. Ni vizuri kuzijua, kwa sababu wapo matapeli wanaoupitia mlango huo, na nitawafikia. Lakini anayenasa mazungumzo yako hana haja ya kuelekeza simu popote, na hakuna namba utakayobonyeza ikakwambia kuwa yupo.

Ndivyo ilivyo pia kwa mwangwi, mikwaruzo, betri inayoisha haraka na simu inayopata moto. Mtandao mbovu huleta mwangwi na mikwaruzo; betri iliyochoka huisha haraka. Mtu anasikia mlio, anashtuka na kukata simu, na kesho yake anamwachia fundi asiyemfahamu simu hiyo hiyo, pamoja na namba ya siri ya kuifungulia, aifuate jioni. Hofu yake imeelekea upande usio na hatari. Swali lenye faida ni hili: ni nani mwenye sababu ya kunisikiliza, na ana uwezo gani? Kinga ya mfanyabiashara wa Kariakoo si kinga ya wakili anayemtetea mwanasiasa, na kinga ya wote wawili haimtoshi mwanamke ambaye mumewe anaijua kila namba yake ya siri.

Zamani kazi hii ilikuwa ya waya. Mjini Seattle, Marekani, miaka ya 1920, maofisa waliokuwa wakimfuatilia Roy Olmstead, muuzaji mkubwa wa pombe wakati pombe imepigwa marufuku, walichomeka nyaya zao kwenye laini za simu barabarani karibu na nyumba za washukiwa, na katika ghorofa ya chini ya jengo lenye ofisi yake. Ndani ya nyumba hawakukanyaga. Mwaka 1928 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kwa kuwa hawakuingia kwa mtu, katiba haikuvunjwa. Miaka 39 ikapita kabla mahakama hiyo haijageuza msimamo. Ilikuwa mwaka 1967, katika kesi ya Charles Katz, mcheza kamari wa Los Angeles, ambaye maneno yake yalinaswa kwa kifaa kilichobandikwa nje ya kibanda cha simu. Majaji wakasema kinachohifadhiwa na katiba ni mtu mwenyewe, popote anapozungumzia. Mwaka 1968 ikatungwa sheria ya kumtaka mpelelezi apate kwanza amri ya jaji.

Siku hizi hakuna anayepanda nguzo. Mazungumzo yote hupita kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na ndani ya mitambo hiyo watengenezaji huweka sehemu maalumu ya kunasa mawasiliano, ili amri ya mahakama ikija, namba inayotajwa iingizwe na nakala ya kila simu iende kwa wapelelezi. Simu yako haishiriki lolote katika jambo hilo, ndiyo maana haiwezi kukuonyesha dalili. Na hapo ndipo penye jambo ninaloliona zito kuliko yote: mlango uliojengwa kwa ajili ya sheria humfungulia yeyote aliyeupata ufunguo.

Wagiriki walilijua hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 2004 na 2005, watu ambao mpaka leo hawajafikishwa mbele ya sheria walipenyeza programu ndani ya mitambo ya Vodafone mjini Athens na kuiamsha kimyakimya ile sehemu ya kunasia. Zaidi ya simu 100 zilisikilizwa, ikiwemo ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis pamoja na za mawaziri. Kila simu ilipopigwa, nakala ya mazungumzo ilikwenda kwenye simu nyingine za malipo ya kabla. Hakuna aliyesikia mlio wowote. Iligundulika kwa sababu ujumbe mfupi wa wateja ulianza kushindwa kufika na mafundi wakachunguza kisa. Kampuni ilitozwa faini ya yuro milioni 76. Marekani nayo, mwishoni mwa mwaka 2024, ilitangaza kwamba wadukuzi inaowahusisha na serikali ya China wameingia kwenye kampuni zake kubwa za simu, hata kwenye mifumo inayotumika kwa amri za mahakama. China ilikana. Maofisa wa usalama wa Marekani, ambao kwa miaka walikuwa wakilalamikia mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji fiche, wakawashauri wananchi wayatumie.

Hata hivyo siko upande wa wanaosema kunasa simu kufutwe kabisa. Mtoto akitekwa na mtekaji akipiga kudai pesa, mzazi yeyote angetaka polisi wasikilize. Mitandao ya dawa za kulevya na ya ugaidi haivunjwi kwa kusubiri shahidi ajitokeze. Cha kudai ni kwamba anayetaka kusikiliza aombe ruhusa kwa mtu asiye bosi wake, aeleze sababu, na ruhusa hiyo iwe na mwisho.

Sheria zetu zina msingi huo, angalau kwenye karatasi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inahifadhi mawasiliano binafsi ya mtu, na ibara ya 18 inampa haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 inamruhusu polisi kuomba mahakamani amri ya kunasa mawasiliano. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 zinamfanya mhalifu yeyote anayenasa bila mamlaka. Kenya ina ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010, inayotaja waziwazi faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inampeleka mpelelezi Mahakama Kuu. Uganda ilitunga sheria mahususi ya kunasa mawasiliano mwaka 2010, baada ya mabomu ya Kampala ya mwezi Julai, nayo inataka kibali cha jaji. Udhaifu wa sheria hizi ni mmoja: maombi husikilizwa upande mmoja, na aliyesikilizwa kwa kawaida haambiwi, hata baada ya uchunguzi kufungwa bila kosa. Hawezi kulalamikia asichokijua. Wabunge wetu wangetufaa sana kwa kuliweka hilo sawa: mtu aarifiwe uchunguzi ukiisha, na idadi ya amri zinazotolewa kila mwaka itangazwe.

Kutokana na hayo, jifunze jambo moja la haraka. Ukipigiwa na mtu anayejiita ofisa, akasema simu zako zimenaswa, sauti zako anazo, na utume pesa yaishe, huyo ni tapeli. Anayesikiliza kwa amri ya mahakama hakupigii kukuarifu. Kata simu, hifadhi namba yake, ripoti. Tanzania, ujumbe wa utapeli na namba iliyoutuma huripotiwa bure kwa kuutuma 15040.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakihesabu. Kampuni ya simu hutunza kumbukumbu: nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, kupitia mnara upi. Hizo si sauti, lakini kwa anayejua kuzisoma zinaeleza maisha yako kuliko maneno uliyosema. Zinaonyesha unapolala, daktari unayemwendea, mwandishi unayezungumza naye usiku. Tarehe 7 Septemba 2017 mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, Tundu Lissu, alipigwa risasi mjini Dodoma, akanusurika. Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti madai yaliyofikishwa kwenye baraza la kesi za kazi mjini London na mpelelezi wa zamani wa kampuni moja ya simu, kwamba katika wiki zilizotangulia shambulio hilo taarifa za simu za Lissu na mahali alipokuwa zilipelekwa kwa mamlaka za serikali. Kwa kumfuatilia mtu namna hiyo hakuna haja ya kusikia neno lake hata moja.

Basi ukitumia WhatsApp au Signal, elewa unachopata. Maneno yako yamefungwa tangu kwenye simu yako hadi kwenye simu ya mwenzako, na kampuni ya simu haiwezi kuyasoma wala kuyasikiliza. WhatsApp ilikamilisha ufungaji huo kwa watumiaji wake wote mwaka 2016. Lakini mnara bado unajua ulipo. Mwenye mkutano ambao hata mahali pake ni siri, simu aiache nyumbani, ikiwa imewashwa, kama siku yoyote ya kawaida.

Sasa nije kwa msikilizaji anayewapata watu wengi zaidi, na huyo hana mtambo wala amri ya jaji. Ni mtu anayeweza kuishika simu yako kwa dakika chache. Mume, mke, mchumba, bosi aliyekupa simu ya kazi, binamu mjuzi wa kompyuta, fundi. Programu za kupeleleza zinauzwa waziwazi kwenye intaneti, na zikishawekwa hutuma mazungumzo, picha na mahali ulipo kwa aliyelipia. Mei 2025 polisi wa Kenya waliwakamata watengenezaji filamu wanne jijini Nairobi na kuchukua vifaa vyao. Simu ziliporudishwa mwezi Julai, wataalamu wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walikuta katika baadhi yake programu iitwayo FlexiSPY, iliyowekwa wakati simu zikiwa mikononi mwa polisi. Programu hiyo hununuliwa na yeyote mwenye kadi ya benki.

Wengine hawahitaji hata kununua. Wanafungua WhatsApp yako, wanaiunganisha na kompyuta yao, wanakurudishia simu. Kuanzia hapo kila unachoandika wanakisoma wakiwa ofisini kwao. Kwa macho yangu hii ndiyo njia iliyoenea kuliko zote katika nyumba zetu, na dawa yake haigharimu hata shilingi: fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia "Vifaa vilivyounganishwa", na kila usichokitambua kiondoe. Kisha weka uthibitishaji wa hatua mbili, wenye namba sita ambazo hujamwambia mtu. Kwenye simu ya Android, nenda kwenye mipangilio, tafuta programu zilizopewa ruhusa ya "Ufikivu" na zile zenye mamlaka ya usimamizi wa kifaa. Jina usilolijua likiwa humo, hiyo ni dalili ya kweli kuliko mwangwi wowote. Hakikisha Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hatari, haijazimwa, maana anayeweka programu ya kupeleleza huanza kwa kuizima. Mwenye iPhone aangalie vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yake ya Apple.

Badilisha namba ya kufungulia simu, uache mwaka wako wa kuzaliwa na wa mtoto. Ukienda kwa fundi kubadilishiwa kioo, simama hapo hapo, na usimpe namba ya siri, kioo hakiihitaji. Simu ya zawadi iliyokwisha kufunguliwa kwenye boksi, irudishe katika hali iliyotoka nayo kiwandani kabla hujaweka laini. Iliyokaa polisi nayo ifanyie hivyo hivyo, isipokuwa kama unataka kujua kilichofanyika au kwenda mahakamani. Hapo izime, usiiguse, ipeleke kwa wakili na mtaalamu, kwa sababu ukiisafisha umesafisha na ushahidi.

Kuna dada na mama zetu ambao ushauri huo unaweza kuwaletea madhara. Kama anayekufuatilia ni mtu anayekupiga, usiiondoe programu leo kwa hasira. Ikizimika ataona, na atajua umejua. Tafuta kwanza simu nyingine, ya jirani au ya mwenzako kazini, umpigie mtu unayemwamini au dawati la jinsia la polisi, upange pa kwenda. Simu inayopelelezwa iendelee na salamu za kawaida mpaka uwe mahali salama. Uhai unatangulia faragha.

Nao wanaosoma haya wakiwaza namna ya kuinasa simu ya mke au mume, niwaambie bila kuzunguka: ndoa haikupi mamlaka hayo. Sheria nilizozitaja hazina kifungu cha wivu, na kesi uliyodhani utaishinda kwa ujumbe ulioiba inaweza kukugeuka uwe mshtakiwa. Kurekodi mazungumzo ambayo wewe mwenyewe umo ni jambo jingine. Ukidaiwa rushwa kwa simu, hifadhi sauti ilivyo, usiikate wala kuisambaza mitandaoni, na upige TAKUKURU kwa namba 113, ambayo ni bure.

Wezi wa pesa wana njia zao. Ile ninayoiona ya kuogofya zaidi ni ya kukubembeleza ubonyeze mwenyewe. Anapiga akijiita huduma kwa wateja, anakuomba ubonyeze namba inayoanza na *21* ikifuatiwa na namba ya simu na alama ya reli. Ukibonyeza umeelekeza simu zako kwake. Kisha anaomba WhatsApp yako impigie kumsomea namba ya uthibitisho, na akaunti inahama. Hapa ndipo ##002# inapokufaa: ibonyeze mara moja. Wengine huenda kwa wakala wakaitengeneza upya laini yako kwa jina lako. Simu ikipoteza mtandao ghafla mchana kweupe, majirani wakiwa nao, usisubiri jioni. Azima simu, ipigie kampuni yako, ifungwe laini na pesa zilizomo. Bonyeza pia *106#, Tanzania au kwa Safaricom kule Kenya, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Benki zinazotegemea ujumbe mfupi peke yake zijifunze kwa Ujerumani. Mwaka 2017 wezi waliokwisha kuiba nywila za wateja walitumia udhaifu wa mfumo wa zamani unaounganisha kampuni za simu duniani, wakauvuta kwao ujumbe wenye namba za uthibitisho na kuhamisha pesa. Ukipewa nafasi ya kuthibitisha kwa programu badala ya ujumbe mfupi, ichukue.

Nimalizie na wanahabari, mawakili na watetezi wa haki. Mazungumzo ya 2G, ambayo ndiyo ya vitochi vingi, yamefungwa kwa kufuli dhaifu ambalo mtaalamu Karsten Nohl alionyesha tangu mwaka 2009 jinsi linavyovunjwa, na kuna vifaa vinavyojifanya mnara ili kuishusha simu yako hadi huko. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 12 zina kitufe cha kuzuia 2G. Izuie 2G ukiwa mjini, ukikumbuka kwamba kijijini kwenye 2G tupu utakosa mtandao. Juu ya hapo kuna Pegasus, programu ya kupeleleza ya kampuni ya NSO ya Israel. Mwaka 2019 ilitumika kulenga simu zipatazo 1,400 kupitia WhatsApp kwa kupiga tu, hata kama hukupokea. Mwaka 2021 ilikutwa kwenye simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda. Mbele ya silaha hiyo usimbaji fiche hausaidii, kwani msikilizaji yumo ndani ya simu yenyewe. Kinachopunguza hatari ni kusasisha simu siku ile ile toleo jipya linapotoka, kuizima na kuiwasha kila siku, kuwasha hali ya ulinzi mkali ya iPhone au ya Android mpya, na kukutana ana kwa ana na chanzo cha habari ambacho uhai wake uko hatarini.

Ukiwa na sababu ya kuamini kwamba kampuni au mtu ametoa taarifa zako bila haki, andika malalamiko, na yaandike kwa tarehe na saa. Tanzania ina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022. Kenya ina Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya mwaka 2019. Ofisi hizi hupata nguvu kutokana na watu wanaozitumia, na malalamiko yaliyobaki kwenye kundi la ukoo hayafunguliwi jalada.

Kabla hujaiweka simu chini, fungua "Vifaa vilivyounganishwa" uangalie. Kisha mfundishe mama yako naye afanye hivyo.